Chungu kimoja: nani alipie mchezo usioleta pesa?

1. Kila mjadala wa bajeti hapa Kenya hufika mahali mtu akasema, "Anayeleta pesa ale pesa zake." Husemwa kuhusu kaunti, mashirika ya umma, hata idara za chuo kikuu. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Leo nawapeleka mbali kidogo, kwenye michezo ya vyuo vya Marekani, kwa sababu huko sentensi hiyo imejaribiwa kwa miaka zaidi ya 40 na matokeo yake tunayaona. Kaeni hapa, uzi ni mrefu.

2. Najua kuna atakayeuliza, "Michezo ya Wamarekani inatuhusu nini?" Inatuhusu sana. Henry Rono alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Washington State. Kule Seoul mwaka 1988 Kenya ilipata dhahabu 5, na 2 kati yazo zilitoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani: Paul Ereng wa Virginia (mita 800) na Peter Rono wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's (mita 1,500).

3. Sasa jiulize: karo ya hao vijana ililipwa na nani? Mbio za nyika haziuzi tiketi. Hakuna televisheni inayolipa mamilioni kuonyesha vijana wakikimbia kwenye matope mwezi wa Novemba. Kuna mtu mahali alikuwa anaweka pesa chunguni, na mwingine anapakuliwa. Historia yote ya leo ni ya hicho chungu: nani alikijaza, nani alipakua, na nini kilitokea mwenye kujaza alipoanza kuuliza maswali.

4. Tuanze mwanzo kabisa. Mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo Marekani yalikuwa ya kupiga makasia, Harvard dhidi ya Yale, mwaka 1852 kwenye ziwa moja la New Hampshire. Gharama zilibebwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria wapande treni kwenda ziwani. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema zamani michezo ya vyuo ilikuwa safi, haina biashara, mwambie biashara ilifika siku ya kwanza, na ndiyo iliyolipa nauli.

5. Kisha ikaja futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Ilijaza viwanja, na Harvard ikajenga uwanja mkubwa wa zege mwaka 1903. Lakini pia iliua vijana, mpaka mwaka 1905 ikawa ni jambo la kujadiliwa Ikulu. Kutokana na fujo hiyo kikazaliwa mwaka 1906 chama cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho leo tunakiita NCAA. Kilianzishwa kulinda wachezaji. Baadaye kikajikuta kinalinda mapato.

6. Mwaka 1929 wakfu wa Carnegie ulitoa ripoti baada ya kuchunguza vyuo zaidi ya 100. Ilisema waziwazi kwamba biashara imeingia na wachezaji wananunuliwa kwa siri. Ripoti ikasomwa, ikasifiwa, ikawekwa kabatini. Sisi Wakenya tunaijua hiyo njia ya ripoti, si ndiyo?

7. Chuo kimoja kikubwa kilichukua hatua kweli. Mchezaji wa kwanza kabisa kushinda tuzo ya Heisman, mwaka 1935, alitoka Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka 4 baadaye, 1939, chuo hicho kikafuta timu yake ya futiboli. Hawakufilisika. Bado ni chuo cha kuheshimika duniani. Futiboli ilirudi mwaka 1969, kwa kiwango cha chini. Nataja hili ili mjue kwamba kukataa hiyo biashara kuliwezekana. Wengi hawakutaka.

8. Wengine waliendelea, na polepole ukajengeka mpango ambao haukuandikwa mahali: futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume vinaleta pesa, pesa zinaingia chungu kimoja, na humo wanapakuliwa waogeleaji, wanamieleka, wapiga makasia, wakimbiaji. Kwenye daraja la juu kabisa la futiboli, NCAA inataka chuo kiwe na timu zisizopungua 16 za michezo. Stanford ilifika michezo 36. Huo ndio upana ninaouzungumzia.

9. Mwaka 1972 likaja jambo lililobadilisha kila kitu. Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kifupi, kinaitwa Title IX: mtu asibaguliwe kwa jinsia yake katika masomo yanayopata pesa za serikali kuu. Kifungu chenyewe hakitaji michezo hata mara moja. Lakini kilibana vyuo. Wakati ule wanawake waliocheza michezo ya vyuo walikuwa karibu 30,000. Leo ni zaidi ya 200,000. Sally Kipyego, aliyekimbilia Texas Tech kabla ya kutuletea fedha ya Olimpiki London 2012, alipita mlango huo.

10. Wekeni alama hapo kwa Title IX, tutairudia. Sasa twende 1984, mwaka ambao chungu kilipata ufa.

11. Kabla ya hapo NCAA ndiyo iliyouza haki za televisheni za futiboli kwa niaba ya vyuo vyote, na ilikataza timu moja kuonekana zaidi ya mara 6 ndani ya miaka 2. Kusudi wadogo nao wapate kuonekana. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani: sisi ndio watu wanataka kutuona, kwa nini mtubane? Mahakama ya Juu ikakubaliana nao, majaji 7 kwa 2. Sheria ya ushindani inakataza mtu kudhibiti soko namna hiyo.

12. Mmoja wa wale majaji 2 waliopinga alikuwa Byron White, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa nyota wa futiboli akiwa chuoni Colorado. Hoja yake kwa ufupi: chuo si duka, na sheria inayofaa kwa duka inaweza kuvunja kitu ambacho hakikujengwa kwa faida. Alishindwa kwa kura. Lakini ukitazama miaka 40 iliyofuata, utaona kwa nini watu bado wanaitaja hoja hiyo.

13. Baada ya 1984 kila ligi ikauza mechi zake yenyewe, na pesa zikawa nyingi ajabu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani kwa vile pesa ziliongezeka, chungu kilijaa. La. Pesa zilikimbilia mashindano ya wakubwa: mishahara ya makocha, vyumba vya kubadilishia nguo vya kifahari, viwanja. Mwenzako akijenga, nawe unajenga, maana mchezaji bora ataenda kwake. Mwaka 2023 Texas A&M ilimfuta kocha wake wa futiboli, na mkataba ukaidai chuo zaidi ya dola milioni 75 za kumwambia kwaheri. Kwa bei ya dola ya siku hizi, hiyo ni zaidi ya bilioni 9 za Kenya.

14. Matokeo? Mwaka 2019, kati ya vyuo karibu 130 vya daraja la juu la futiboli, ni 25 tu ambavyo idara ya michezo iliingiza zaidi ya ilichotumia. Rudieni kusoma hiyo. Zaidi ya vyuo 100 vilikuwa na pengo, na pengo lilizibwa na bajeti ya chuo chenyewe pamoja na ada za wanafunzi, wakiwemo wale ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani. Kwa hivyo hata "anayeleta pesa" mara nyingi haleti. Anapokea pesa nyingi kwa mkono mmoja na kuzitumia zote, na zaidi, kwa mkono wa pili.

15. Somo la kwanza kwa mijadala yetu basi: mtu akisema "sisi tunalisha wengine", usianze kubishana. Kwanza omba hesabu nzima. Mapato ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni matumizi, na nani anaziba pengo kimyakimya.

16. Kisha ikaja korona. Machi 2020 mashindano ya kikapu ya taifa yakafutwa. NCAA, iliyopanga kugawia vyuo dola milioni 600 mwaka huo, ikagawa milioni 225. Visu vikatoka. Stanford, moja ya vyuo tajiri zaidi duniani, ikatangaza Julai 2020 kwamba inafuta michezo 11 kati ya 36: mieleka, vitara, magongo, kupiga makasia na kadhalika. Wanafunzi zaidi ya 240. Walisema idara ya michezo ilikuwa inaelekea nakisi ya zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka, hata kabla ya korona.

17. Linganisheni hiyo milioni 12 na ile 75 ya kocha mmoja. Ndiyo, ni vyuo viwili tofauti, wala sisemi pesa za huku zingeenda kule. Nasema tu: wakati wa kukata, kisu hakikwenda penye mafuta. Kilikwenda kwa wasio na sauti.

18. Machi 2021 mwanamieleka wa Stanford, Shane Griffith, aliingia kwenye fainali ya taifa akiwa amevaa vazi jeusi tupu, bila jina la chuo. Akashinda. Bingwa wa taifa wa timu iliyokwisha hukumiwa kifo. Wahitimu wakachanga pesa, kesi zikafunguliwa, na Mei 2021 Stanford ikarudi nyuma: michezo yote 11 ikabaki.

19. Hapa ndipo nataka muwe macho, kwa sababu si kila mahali palikuwa hivyo. Iowa ilifuta timu 4 mwaka huohuo: jimnastiki ya wanaume, tenisi ya wanaume, uogeleaji wa wanaume na uogeleaji wa wanawake. Waogeleaji wanawake wakaenda mahakamani wakiwa na Title IX mkononi. Jaji akasimamisha mpango, chuo kikairudisha timu yao. Zile 3 za wanaume? Ziliondoka.

20. Bwawa lilikuwa moja, chuo kimoja na nakisi moja. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikuwa na sheria na mwingine alitegemea huruma. Clemson nayo ilitaka kufuta riadha na mbio za nyika za wanaume, ikabadili msimamo Aprili 2021 baada ya shinikizo la kisheria, ikiwemo hoja kwamba timu hizo ndizo zilizobeba wanafunzi wengi Weusi. Brown ilirudisha riadha ya wanaume mwaka 2020 kwa hoja ya aina hiyohiyo.

21. Mpaka hapa ningeweza kumaliza uzi: wakubwa wabaya, wadogo wazuri. Lakini ningewadanganya. Kuna watu sijawataja bado, na ndio waliokijaza chungu kwa mikono yao: wachezaji wenyewe wa futiboli na kikapu. Wengi wao ni vijana Weusi. Walivunjika magoti mbele ya watazamaji maelfu, kocha akalipwa mamilioni, wao wakapewa karo, chumba na chakula. Kwa hivyo ule ukarimu uliomlipia mkimbiaji karo ulitoka kwenye jasho la mtu ambaye hakuulizwa.

22. Hilo liliniuma nilipolielewa, maana nilikuwa nimeshachagua upande. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, majaji 9 kwa 0 safari hii, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiwezi kubana marupurupu ya kimasomo ya wachezaji. Mwezi uliofuata wakaruhusiwa kuuza majina na picha zao kwa matangazo. Na Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa waliocheza zamani, na ruhusa kwa kila chuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

23. Haki imetendeka. Lakini milioni 20.5 zinatoka wapi? Kwenye chungu kilekile. Makubaliano hayo pia yaliweka kikomo cha idadi ya wachezaji kwa kila mchezo, na mbio za nyika zikapewa nafasi 17. Cal Poly ya California ilifuta uogeleaji wake Machi 2025 ikitaja makubaliano haya kama sababu mojawapo. Mchezaji wa futiboli alidai haki yake kwa chuo, na anayelipa ni muogeleaji. Kocha na mkandarasi wa uwanja wao wamekaa palepale.

24. Na sisi? Mwaka 2024 Doris Lemngole, mwanafunzi wa Alabama, alishinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani. Mwaka 2025 akawa mwanafunzi wa kwanza wa vyuo hivyo kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 9. Unaona ni fahari, na ni kweli. Lakini mchezo wake hauleti pesa za televisheni, na visa ya mwanafunzi inambana mgeni asiingie kwenye biashara ya matangazo kama Mmarekani. Mtoto wa Iten anayefanya mazoezi alfajiri hii akingoja barua ya chuo anategemea mezani pawe na mtu wa kumtetea, na hajui hata meza iko wapi.

25. Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2020 tulibishana kuhusu fomula ya kugawa pesa za kaunti: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande mmoja ulisema penye watu wengi pawe na pesa nyingi. Upande wa pili ukasema kaunti kubwa kwa eneo, yenye watu wachache na barabara chache, itazikwa. Seneti ilikwama tena na tena. Mwishowe walikubaliana kuongeza pesa chunguni ili asipungukiwe yeyote. Ni dawa ileile ya Wamarekani kwa miaka mingi: usiamue nani anastahili nini, ongeza mapato tu. Inafanya kazi mpaka siku mapato yakwame.

26. Lakini kuna jambo moja tulilifanya vizuri kuliko wao. Katiba ya 2010 inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kifungu cha 203. Kifungu cha 204 kinatenga nusu ya asilimia 1 kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Unaweza kulalamika kwamba pesa zinachelewa, na utakuwa na haki. Ila zinapochelewa una mahali pa kusimama na kudai, kama wale waogeleaji wa Iowa. Wenzao wanaume walikuwa na barua za kusihi tu.

27. Kwa hivyo msimamo wangu, na mnaweza kunipinga. Anayeleta pesa ana malalamiko ya kweli na lazima asikilizwe. Wachezaji wa futiboli walikuwa na haki. Lakini fungu la asiyeleta pesa likiachwa litegemee moyo mzuri wa mkubwa, litakatwa siku ya kwanza ya shida, hata likiwa dogo kiasi gani. Liwekwe kwenye sheria wakati chungu kimejaa. Kikishapungua hakuna atakayekubali.

28. Kwa hivyo safari ijayo mtu akisimama jukwaani kusema "kila mtu ale alicholeta", muulizeni mambo matatu kabla ya kupiga makofi. Hesabu nzima iko wapi, mapato na matumizi? Nani hasa alitoa jasho, na amelipwa? Na kikianza kukatwa, ni sheria gani inayomlinda wa mwisho kwenye foleni?

29. Nimeacha hapo. Mwenye kujua zaidi kuhusu vijana wetu walioko vyuo vya huko, au waliopoteza nafasi timu zilipofutwa, aongeze chini. Wiki ijayo tutaangalia mikopo ya kaunti, kama mtihani wa takwimu hautanimaliza.